Baraza la Mji na Riziki ya Dereva wa Teksi

Katika miji ya Uingereza, dereva wa teksi hawezi kuamka asubuhi akawasha gari na kuanza kuchukua abiria kwa sababu tu ana gari zima na anajua kuliendesha. Ni lazima kwanza awe amepewa leseni na baraza la mji, gari lake liwe limekaguliwa na kufungwa bamba la baraza hilo, na yeye mwenyewe awe amethibitika kuwa ni mtu mwaminifu anayestahiki kukabidhiwa roho za watu. Baraza ndilo linaloamua gari lisizidi umri gani, liwe na kamera au lisiwe nayo, ada ya leseni iwe kiasi gani, na kituo cha kungojea abiria kiwe upande gani wa barabara. Kwa hiyo madiwani wachache waliokaa katika chumba cha kamati wanaweza, kwa kunyoosha mikono mchana mmoja, kuzidisha au kupunguza riziki ya mamia ya nyumba. Na ndiyo maana imekuwa wajibu, mahali pengine kwa maandishi ya sheria na mahali pengine kwa kauli za mahakimu, kwamba kabla mikono hiyo haijanyooshwa, wenye kazi yao waulizwe.

Yafaa msomaji afahamu tangu mwanzo kwamba magari hayo ni ya namna mbili, na kwamba tofauti zao ndizo chimbuko la ugomvi mwingi. Kuna teksi hasa, ile inayongoja kituoni au kusimamishwa njiani kwa kupungiwa mkono, ambayo sheria yake ya asili, nje ya London, ni ya mwaka 1847, zama za magari ya farasi. Sheria hiyo ingali hai, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba dereva aliye kazini hana ruhusa ya kumkataa abiria anayekwenda ndani ya mipaka iliyowekwa, ila awe na udhuru wa kweli. Kisha kuna gari la kukodi kwa kuagizwa, ambalo kwa sheria ya mwaka 1976 haliruhusiwi kuokota abiria njiani, bali sharti liagizwe kwa kupitia ofisi yenye leseni, iwe kwa kupiga simu au, kama ilivyo desturi ya siku hizi, kwa programu ya simu ya mkononi. Teksi hupangiwa nauli na baraza. Gari la kuagizwa hutoza bei iliyopangwa na ofisi yake. London ina taratibu zake na Uskoti ina sheria yake, wala sitaziingilia hapa.

Sheria hiyo ya 1976 imeeleza kwa urefu jinsi nauli inavyobadilishwa. Baraza likisha kupanga viwango vipya, hulazimika kuvitangaza katika gazeti la mji na kuweka nakala ofisini pake ili yeyote apendaye aisome bila malipo, na kutoa muhula usiopungua siku 14 wa kupokea pingamizi. Asipotokea mpingaji, viwango huanza kutumika; akitokea, baraza halina budi kuyazingatia maneno yake, kisha kuweka tarehe nyingine isiyopita miezi miwili baada ya ile ya kwanza, likiwa limevirekebisha viwango au limeviacha vilivyo. Ada za leseni za magari na za ofisi zikipandishwa kupita kiwango kilichotajwa na sheria, muhula wa pingamizi ni siku 28, na kituo kipya cha teksi kikitaka kuwekwa muhula ni huohuo, na mkuu wa polisi naye hupelekewa habari.

Nauli, kwa abiria, ni tarakimu zinazogeuka katika kisanduku kidogo mbele ya dereva, lakini nyuma ya tarakimu hizo kuna jedwali zima: kuna kiasi cha kuanzia, kinachonunua yadi kadhaa za mwanzo, kuna pensi zinazoongezeka kila baada ya sehemu fulani ya maili, kuna malipo ya kungoja, gari linapokwama katika foleni, na kuna viwango vya usiku na vya siku za Krismasi. Ukiacha pensi zilezile na kupunguza yadi ambazo pensi hizo zinanunua, nauli imekwisha kupanda, na hakuna abiria atakayeona kilichogeuka. Ukikipandisha kiasi cha kuanzia peke yake, basi mwendo mrefu wa kwenda uwanja wa ndege hautaguswa sana, ilhali bibi anayetoka sokoni na vikapu vyake kwenda nyumbani, mwendo wa dakika tano, ndiye atakayebeba mzigo wote. Mambo haya diwani hayajui mpaka aambiwe, na wa kumwambia ni yule anayekaa kituoni tangu alfajiri, ambaye anajua kwa mazoea ya kila siku kama abiria wake wengi ni wa safari fupi au ndefu. Wala tusidhani kwamba madereva daima hutaka nauli ipande. Wamo wanaopinga kwa nguvu zote, kwa khofu kwamba abiria, akiiona mita inakimbia, kesho yake ataagiza gari la simu.

Sehemu nyingine za kuulizana hazikuandikwa na bunge bali zimetengenezwa na mahakama. Mwaka 1985, katika kesi ya Gunning iliyohusu kufungwa kwa shule katika mtaa wa Brent, London, wakili Stephen Sedley alitoa hoja, na hakimu akaikubali, kwamba mamlaka inayotaka maoni ya watu sharti iyatake wakati shauri lingali bichi. Iwape waulizwao sababu za kutosha kuwawezesha kujibu kwa akili. Iwape wasaa wa kutosha. Na majibu yakija, iyatafakari kwa dhamiri safi kabla ya kukata shauri. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliyathibitisha hayo mwaka 2014, katika kesi ya Moseley dhidi ya baraza la Haringey, iliyohusu nafuu ya kodi kwa maskini. Ikasema kwamba baraza lilikosea kuwaandikia watu kana kwamba hapakuwa na njia nyingine yoyote ila ile liliyokwisha kuichagua. Kwangu mimi, katika masharti hayo manne, lililo zito kuliko yote ni la kwanza, maana mtu aliyeulizwa baada ya jambo kuamuliwa hakuulizwa, hata apewe mwaka mzima wa kujibu.

Hapo ndipo mabaraza mengi yanapojikwaa, na aghalabu si kwa ubaya wa nia. Karatasi za kutaka maoni huwa ndefu, zimeandikwa kwa lugha ya ofisi, na maswali yake yamefungwa pande zote: huulizwa dereva kama anakubali kwamba usalama wa abiria ni jambo muhimu, naye, kama mtu yeyote mwenye imani, hujibu ndiyo, na ndiyo yake ikahesabiwa kuwa ameunga mkono kamera ambayo atatakiwa ainunue kwa fedha zake. Mkutano nao huitishwa saa nne asubuhi, wakati mtu wa zamu ya usiku ndiyo kwanza ameingia kitandani. Katika miji kama Bradford na Rochdale, ambako madereva wengi ni Waislamu wenye asili ya Pakistan na nchi nyingine, kuitisha mkutano adhuhuri ya Ijumaa ni sawa na kufunga mlango kisha kulalamika kwamba hakuna aliyebisha hodi. Baraza lenye kutaka maoni kwelikweli humfuata dereva kituoni, humwandikia kwa maneno mepesi, na mwisho humrudishia jibu linaloeleza ni lipi katika maneno yake limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Jibu hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na kusahauliwa kwake huwafanya watu mwaka unaofuata wasijibu kitu.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la nani aseme kwa niaba ya nani. Wenye teksi za kituoni wana vyama vyao vya siku nyingi, na wapo walio katika vyama vikubwa vya wafanyakazi kama GMB na Unite. Hukutana kila siku mahali pamoja, hivyo ni rahisi kwao kuafikiana. Dereva wa gari la kuagizwa hukaa peke yake ndani ya gari lake akingojea simu imwite, na mara nyingi hata hamjui mwenzake. Maslahi yao, fauka ya hayo, hayalingani. Kwa sheria ya mwaka 1985 baraza laweza kuiwekea idadi ya teksi mpaka, lakini pale tu linaporidhika kwamba hakuna haja kubwa ya abiria isiyotimizwa, na ili kujua hilo hutuma watu wakae vituoni kuhesabu abiria wanaongoja kwa muda gani na teksi zinangoja kwa muda gani. Mwenye bamba tayari hupenda mpaka huo udumu. Asiyekuwa nalo huuona kuwa ni ukuta. Baraza likimsikiliza wa kwanza peke yake, kwa kuwa ndiye aliyefika mkutanoni, litakuwa limetenda dhuluma huku likijiona limeshauriana.

Wala kushauriana na madereva si kuwatii, na mji wa Rotherham umelifundisha taifa zima somo hilo kwa gharama ya kutisha. Ripoti ya Profesa Alexis Jay, iliyotolewa Agosti 2014, ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kinyama katika mji huo kati ya mwaka 1997 na 2013, na ikaeleza kwamba madereva wa teksi walitajwa mara kwa mara katika habari hizo. Mwaka uliofuata serikali iliwanyang'anya madiwani mamlaka, ya leseni yakiwamo, ikayatia mikononi mwa makamishna, nao wakaweka masharti mapya na makali, pamoja na kamera ndani ya magari. Madereva wengi walipinga, wakisema kwamba watu waaminifu wanabebeshwa aibu ya waovu. Na kweli ilikuwamo katika kilio chao, kwa maana wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Lakini mtoto aliyepandishwa gari usiku naye alikuwa na haki ya kusikilizwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyemsikiliza. Kwa ajili hiyo viwango vilivyotolewa na Wizara ya Uchukuzi mwezi Julai 2020 vinayataka mabaraza, yanapobadili masharti kwa namna itakayowagusa watu sana, yaulize wenye magari na pia wale wanaopanda: vikundi vya wanawake, wafanyabiashara wa mji, na watu wenye ulemavu.

Hawa wa mwisho wanajua mambo ambayo hakuna mwingine awezaye kuyajua. Teksi nyingi zinazochukua kiti cha magurudumu hushusha ubao wake upande wa kushoto, upande wa njia ya miguu. Kituo kikiwekwa mkono wa kulia wa barabara ya mwelekeo mmoja, ubao hutua katikati ya magari yanayopita, na abiria hawezi kupanda bila kuhatarisha maisha yake. Mhandisi wa baraza aliyechora kituo hicho kwenye karatasi huenda asilione hilo kamwe. Anayesukuma kiti chake hapo kila Jumanne analiona mara moja.

Hata mashauriano yaliyofanywa kwa utaratibu huweza kupitwa na wakati. Mabaraza kumi ya jimbo la Manchester, kwa amri ya serikali ya kusafisha hewa, yalitaka maoni mwishoni mwa mwaka 2020 juu ya mpango wa kuyatoza magari machafu katika eneo lote hilo, teksi zikiwa katika kiwango cha pauni 7.50 kwa siku. Maoni yakachukuliwa, mpango ukapitishwa, vibao vikasimamishwa barabarani. Lakini maradhi ya korona yalikuwa yamekwisha kuvuruga biashara ya magari, na bei ya magari yaliyotumika, ambayo ndiyo madereva waliyotegemea kununua badala ya yale ya zamani, ikapanda mno. Mwanzoni mwa 2022 madereva na wenye malori madogo walifanya maandamano, na mwezi Februari mpango ukasimamishwa, hali ulikuwa uanze tarehe 30 Mei. Januari 2025 serikali ikaridhia mpango mwingine usio na tozo. Mimi sidhani kwamba madereva walikuwa maadui wa hewa safi, kwani wao ndio wanaoivuta kutwa nzima. Walichotaka ni kuulizwa tena, hali ilipokuwa imekwisha kugeuka.

Mwenye kupuuzwa anaweza kwenda mahakamani, na wapo waliokwenda. Chama cha madereva wa Wakefield kililishitaki baraza lao juu ya hesabu ya ada, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba gharama za kusimamia mwenendo wa madereva hazifai kuingizwa katika ada ya leseni ya gari, bali mahali pake ni leseni ya dereva. Yaonekana ni tofauti ndogo, lakini kwa mwenye magari kumi si ndogo.

Lililobaki bila dawa ni la mipaka. Sheria inamruhusu dereva wa gari la kuagizwa kuchukua leseni kwa baraza moja na kufanya kazi mji mwingine, maadam ofisi inayompa kazi nayo ina leseni ya baraza lilelile. Na maelfu wamechukua leseni Wolverhampton, ambako hupatikana upesi na kwa bei nafuu, ilhali kazi yao iko Manchester, zaidi ya maili 60 kutoka hapo, au mbali zaidi. Mwezi Juni 2025 Louise Casey, katika ripoti yake juu ya makundi yanayowadhulumu watoto, aliitaka serikali ikomeshe jambo hilo, na serikali ikayakubali mapendekezo yake. Kwa sasa, baraza la Manchester likitaka kuwaandikia wenye leseni juu ya kituo au kamera, dereva huyo hapati barua, kwa kuwa jina lake halimo katika daftari la baraza hilo. Na Wolverhampton ikimwandikia, humwuliza juu ya barabara za mji ambao pengine hajapata kubeba abiria ndani yake hata mmoja.