Tuulize Nani Alijenga

Ndugu wafanyakazi, siku hizi watu hulipa nauli kwenda kutazama mahali palipopita vita. Tusidhani kuwa ni anasa ya matajiri. Vita ikifika mahali, wa kwanza kuumia ni mwenye jembe na mwenye nyundo. Kwa hiyo historia hiyo ni yetu pia.

Huko Polandi, katika mji wa Kraków, kuna mitaa ambayo Wayahudi waliishi kwa mamia ya miaka. Wajerumani waliiteka nchi hiyo mwaka 1939, wakawafungia Wayahudi ndani ya kuta, kisha wakawaua. Katika Polandi nzima waliuawa Wayahudi wapatao milioni 3. Leo viongozi wa wageni huwapitisha watu katika mitaa hiyo na kuwafikisha kwenye kiwanda cha zamani cha Oskar Schindler, kilichotengeneza sufuria. Wayahudi walifanyishwa kazi humo bila mshahara. Malipo ya jasho lao yalikwenda kwa askari wa Hitler. Hata hivyo tajiri huyo aliwakinga zaidi ya 1,000 wasiuawe, na orodha ya majina yao ipo hadi leo. Mwaka 2010 kiwanda kilifunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa tugeuke kwetu. Vita hiyo hiyo ilileta watu Uganda. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwahamisha Wapolandi wengi hadi Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima kwa lazima. Walipoachiliwa wengine walipitia Iran, na tangu 1942 maelfu, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika. Uganda ilikuwa na kambi mbili: Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria. Tanganyika kulikuwa na Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000.

Nyabyeya leo kuna chuo cha misitu, na kanisa walilojenga Wapolandi bado watu husali humo. Tengeru makaburi yao yamo katika eneo la chuo cha mifugo: Wakatoliki, Waothodoksi na Wayahudi. Wageni kutoka Polandi huja kusoma majina ya jamaa zao. Hilo ni jema, na hatulionei wivu.

Lakini tunauliza: nani alikata miti na nyasi za vibanda vile? Nani alilinda usiku, akapika na kupasua kuni? Walikuwa Waafrika walioajiriwa na serikali ya mkoloni. Mpolandi mkimbizi naye alikuwa maskini, ila rangi yake ilimweka juu ya mwenyeji aliyemfanyia kazi. Mkimbizi ana kaburi lenye jina. Wageni wanaotembezwa pale wangepaswa kusikia pia habari za kibarua.

Sisi wa Endiinzi jambo hili latuhusu. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda; leo wamo pia Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Mkimbizi na mwenyeji hulima shamba moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kuwa katika chama cha wafanyakazi. Lakini kibarua asiyeandikwa jina, awe mkimbizi au mwenyeji, atadai kwa nani akiumia au akidhulumiwa posho? Yaliyowapata vibarua wa Nyabyeya yaweza kutupata na sisi.

Kwa hiyo tuagane mambo mawili. Kwanza, kila mmoja wetu adai kuliona jina lake katika daftari la kazi kabla ya kushika jembe. Pili, wazee waliojenga barabara, shule na visima vya Nakivale wangali nasi wengine. Tukae nao, tuandike majina yao na kazi waliyofanya, tuyalete kwenye tawi. Siku wageni wakija kutembezwa Nakivale, kiongozi wao awe na la kusoma.