Ametulia, lakini amepona?

Mgonjwa wa skizofrenia akitoka wodini, jirani huuliza hali yake na ndugu hujibu, "Ametulia." Maana yake hapigi kelele, hatoroki usiku, anameza dawa. Jibu hilo huwaridhisha wengi, hata baadhi ya wahudumu wa kliniki. Lakini mtu anaweza kutulia mwaka mzima huku anashinda kibarazani, haendi shamba, haitwi kwenye kikao cha ukoo, na hata nauli yake anashikiwa na mdogo wake. Huko ni kunyamaza tu.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Emil Kraepelin alifundisha kwamba ugonjwa huu huimaliza akili polepole, na fikra hiyo ilikaa muda mrefu. Miongoni mwa walioitikisa ni wagonjwa 269 wa hospitali ya serikali ya jimbo la Vermont, Marekani, waliokuwa wamekatiwa tamaa. Katikati ya miaka ya 1950 waliingizwa katika mpango wa kuwarudisha uraiani: zaidi ya dawa, walitafutiwa makazi na kazi, kisha wakafuatiliwa. Courtenay Harding na wenzake waliwatafuta tena miongo mitatu baadaye. Mwaka 1987 walitangaza kwamba kati ya nusu na theluthi mbili ya wagonjwa hao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Katika jimbo la Maine, ambako wagonjwa wa aina hiyo hawakupata mpango kama huo, matokeo yalikuwa hafifu zaidi.

Wagonjwa wenyewe nao walisema. Patricia Deegan, aliyeambiwa ana skizofrenia akiwa bado kijana na baadaye akawa mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1988 kwamba kupona hakungoji ugonjwa uishe. Alimtaja kijana aliyepooza ambaye alijenga maisha mapya ingawa mwili haukurudi kuwa kama zamani.

Hili lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuacha dawa. Anayeziacha ghafla kwa sababu amelala vizuri wiki kadhaa, au kwa sababu ameombewa, yumo katika hatari kubwa ya ugonjwa kumrudia. Anayemeza kidonge kila usiku na asubuhi akafungua genge lake, kwangu huyo amepona. Ila kidonge kikimlaza mpaka saa tano asubuhi, kinamnyima genge hilo, na daktari aambiwe bila woga. Saa ya kumeza inaweza kusogezwa, dozi ikapunguzwa, au dawa yenyewe ikabadilishwa.

Dar es Salaam na Kampala zilikuwa miongoni mwa miji sita ya mradi wa UPSIDES, uliowafunza watu waliopitia maradhi makali ya akili kuwasaidia wenzao. Naupenda sana mpango wa namna hii. Daktari anaweza kumwambia mgonjwa mpya kwamba atapata nafuu, lakini uzito ni mwingine akiambiwa hivyo na mtu aliyewahi kulazwa kama yeye, na ambaye leo ana kazi na anaaminiwa.

Basi siku ya kliniki, mkishauliza kama sauti zimekoma, muulizeni mgonjwa mwenyewe anataka kufanya nini mwezi ujao na nini kinamzuia. Akisema anataka kurudi kushona, jibu hilo liandikwe kwenye faili pamoja na dozi, na ndugu waanze kuulizia cherehani.