Kwa Baiskeli Hadi Njoro: Chai Kwanza, Bia Baadaye

Mtu atakaye kunyoosha miguu kwa baiskeli, njia ya Nakuru hadi Njoro yamfaa. Mwendo ni kama kilometa 20, na kupanda si haba, kwani Njoro iko juu ya Nakuru kwa meta 300 hivi. Kurudi ni mteremko mtupu. Kazi yote ni ya breki.

Baa hazikosekani. Lakini sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliagiza zisiuze kabla ya saa 11 jioni, au saa 8 mchana Jumamosi na Jumapili. Basi wakati wa kwenda, kiburudisho ni chai. Naye alewaye Njoro huteremka magharibi, macho mazito, malori nyuma yake. Heri bia imngoje Nakuru, baiskeli ikiwa imekwisha kufungiwa nyumbani.