Neno Dogo la 'Only'

Kuna wimbo wa Kiingereza ambao nimeupiga hewani mara nyingi, hasa katika vipindi vya salamu za usiku. Unaitwa 'I Only Have Eyes for You'. Harry Warren aliutungia muziki na Al Dubin maneno, kwa ajili ya filamu ya Dames ya mwaka 1934. Wengi wetu tunaujua kwa sauti za The Flamingos wa Chicago, waliouimba upya mwaka 1959.

Hebu litazameni jina hilo. 'Only' imekaa kabla ya kitenzi. Mbishi anaweza kuuliza: huyu bwana ana macho tu, hana masikio wala mikono? Au macho yake ni kwa mpenzi wake tu? Kiswahili kina nafuu, maana 'tu' yetu hufuata neno inalolihusu. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza. Wimbo wa mapenzi hujieleza.

Waingereza wenyewe huongea hivyohivyo kila siku, kisha sauti hukazia neno linalokusudiwa. H. W. Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu matumizi ya Kiingereza, aliwatetea mbele ya wale wanaodai 'only' isogezwe karibu na neno lake kila mara. Namuunga mkono, mradi tunazungumza.

Karatasi haina sauti. Hilo nililijua kwa aibu. Siku moja nililetewa tangazo: 'The clinic will only see children on Thursday.' Zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya taarifa, nikatafsiri: Alhamisi kliniki itapokea watoto tu. Watu wakaelewa kwamba siku hiyo wakubwa wasiende, na siku nyingine ni za wote. Jumanne akina mama wakafika na watoto mgongoni, wakarudishwa langoni. Kumbe maana ilikuwa watoto watapokewa Alhamisi tu. Mama mmoja alikuja moja kwa moja hadi studio, mwanawe akikohoa, akauliza ni nani aliyesoma tangazo lile. Nikamwambia ni mimi, mama.

Siku hizi tangazo la Kiingereza likiwa na 'only', humpigia simu aliyeliandika kwanza. Wengi hucheka. Mmoja alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsomee tena.