Upekee na Umiliki katika Lugha za Kompyuta
Almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5, ilipokatwa London ikabaki 23.6, na jiwe ghafi likawa halipo tena. (Dhahabu ya Geita huyeyushwa ikaumbwa upya, almasi sivyo.) Lugha ya kompyuta iitwayo Clean, iliyoundwa Nijmegen, Uholanzi, hutumia fanksheni, ambazo kwa desturi hunakili thamani pasipo kuibadilisha. Lakini thamani ikiwa na upekee, yaani hakuna sehemu nyingine ya programu inayoishika, yaweza kubadilishwa papo hapo, na ile ya awali haitumiki tena. Mantiki ya mstari ya Girard, ya mwaka 1987, ni jambo jingine: upekee hudai kwamba thamani haijarudufiwa, mstari hudai kwamba haitarudufiwa. Viambishi -ja- na -ta- vyatosha kuyatenga. Kuyaita yote mawili "umiliki" ni kuifuta tofauti hiyo.