Ndai Inatoa Moshi Mweupe? Kabla Ulipie Injini, Cheki Haka Kavavu ka Steringi

Unajua ile Corolla mzee inawaka asubuhi na ploti yote inajaa moshi mweupe hadi majirani wanafunga madirisha? Mwenyewe akienda kwa fundi anaambiwa, "Injini imeisha boss, leta chapaa tufungue." Saa zingine ni ukweli. Saa zingine ni kavavu kadogo tu kwa pampu ya pawa steringi, na msee anakaribia kuuza ng'ombe ya mathe bure.

Iko hivi. Ukikata kona ukipaki, pampu ya steringi inakula nguvu ya injini. Kama injini iko kwa sailensi, inaweza zima. Ndio maana Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziliwekwa vavu hapo kwa pampu. Presha ya oili ikipanda, inafunguka, hewa kidogo inapitia paipu mbili nyembamba za raba hadi kwa injini, na sailensi haishuki. Hiyo vavu ikichakaa ndani, injini haivuti hewa pekee, inavuta pia oili ya steringi na kuichoma. Huo ndio moshi.

Sasa kabla utoe hata shilingi, pima vitu tatu. Maji ya radieta ikipungua, shuku hed gasketi. Oili ya injini ikipungua, hapo ni ringi ama sili za vavu za injini. Lakini kama ni oili ya steringi inashuka kila wiki na chini ya gari ni kukavu, mwizi umempata.

Kuhakikisha ni rahisi. Zima injini, ngoja ipoe, chomoa zile paipu mbili za raba na uangalie ndani. Zinafaa kuwa kavu. Ukipata oili, kavavu kamekufa. Kama ni kavu lakini sailensi iko juu kila saa, ziba paipu zote mbili upande wa injini na bolti safi, kisha washa. Sailensi ikishuka, vavu ilikuwa imekwama wazi. Na kama gari inazima tu ukikata kona, yaweza kuwa imekwama ikiwa imefungwa, ama paipu imeziba. Lakini usilaumu vavu haraka, throtu chafu pia hufanya hivyo.

Kuna wasee huacha bolti hapo milele. Mimi siwezi. Oili inaweza toka kwa vavu ikaangukia mkanda ama ekzosi moto, na ikiisha kabisa, pampu inajisaga na usukani unakuwa mzito kama wa lori.

Kubadilisha si kazi ya siku mbili. Fundi anafungua vavu, anaweka ingine na sili mpya, anabadilisha paipu zilizolowa oili, halafu anajaza oili aina imeandikwa kwa kifuniko ama kitabu cha gari. Mwambie atoe hewa: magurudumu ya mbele juu, usukani uzungushwe kushoto na kulia mara kadhaa hadi povu iishe. Usishikilie usukani mwisho kabisa, unaumiza pampu.

Gari ikiendelea kutoa moshi kidogo baada ya hapo, usimgeukie fundi. Oili iliyobaki kwa ekzosi lazima iungue kwanza.

Na wewe wa Honda Fit, tulia. Steringi yako ni ya umeme, haina hii vavu. Moshi wako una story yake.