Kikoa cha Baa: Maelezo Kuhusu Desturi ya Waingereza ya Kununuliana Vinywaji

Wanafunzi wetu wasomapo riwaya na tamthilia za Kiingereza hukutana na neno "round" katika mazungumzo ya wahusika walioketi baa, nao hulifasiri "mzunguko" kisha wakapita. Tafsiri hiyo haielezi kwa nini mhusika adharauliwe na wenzake kwa ajili ya glasi moja tu. Makala haya yanakusudia kuieleza desturi yenyewe, na kulitafutia neno hilo jina lifaalo.

Katika baa ya Kiingereza, kwa kawaida, mnywaji huenda mwenyewe kaunta, huagiza na kulipa papo hapo. Kwa hiyo mmoja huwanunulia wote, kisha mwingine humfuata, mpaka kila mtu atimize zamu yake. Kanuni zake hazikuandikwa, ila zajulikana. Zamu mpya huanza kabla glasi hazijakauka. Anayenunuliwa haagizi kinywaji cha ghali kuliko cha mwenziwe. Asiyekunywa pombe huchukua soda, lakini zamu yake haimwondokei. Anayelazimika kuondoka mapema hutangulia kununua. Kumlipa mwenzako fedha taslimu badala ya kinywaji ni kuugeuza urafiki kuwa deni.

Desturi hii ina uzito wake. Wakiketi watu sita, kila mmoja hujikuta na glasi sita mbele yake, apende asipende, tena kwa mwendo wa yule anywaye upesi. Ndiyo sababu mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza, ikihofia ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ilitoa amri ya kukataza mtu kumnunulia mwenziwe pombe katika sehemu nyingi za nchi. Ukarimu ukawa kosa la jinai.

Je, Kiswahili kina jina la jambo hili? Wazee wa pwani walitofautisha kula bia na kula kikoa. Katika bia, kila mtu hutoa sehemu yake na wote hula kwa pamoja. Ndilo shina la neno "ubia". Katika kikoa, mmoja huwalisha wote leo, na mwingine kesho. Desturi ya Waingereza, basi, ni kikoa, wala si bia, ingawa kinywewacho mara nyingi ni bia.

Hata hivyo iko tofauti moja. Kikoa cha chakula huendelea siku hata siku. Aliyepitwa leo ana kesho. Kikoa cha baa yapasa kimalizike usiku ule ule, kabla ya mlango kufungwa. Hapo ndipo ilipo aibu ya yule aondokaye kimya kimya: hakuacha deni, bali amewala wenzake. Mfasiri asiyelijua hilo atayatafsiri maneno, na dharau ya wahusika itampotea msomaji.